Mwaka Tuliomlilia Amosi

Divine alinipigia simu nikiwa naosha vyombo, akaniambia kwa Kiingereza chake cha Bankstown, "Aunty, bring the book, please. The blue one. Number five." Nikamuuliza cha nini, maana siku ya kuganduka watu huja na mchele na soda, hawaji na riwaya. "Just bring it," akasema, akakata simu. Kuganduka ndiyo siku ambayo Warundi huvua msiba. Muda mrefu baada ya maziko watu hukusanyika tena, hula, humsemea marehemu maneno ya mwisho, na kuanzia hapo wafiwa wana ruhusa ya kuishi kama watu wengine. Safari hii marehemu alikuwa mama yake, Mama Divine, aliyenipa chumba nilipokuwa mgeni katika mji huu. Nikajifuta mikono, nikapanda juu ya kiti, nikakishusha kitabu kutoka juu ya kabati. Jalada limepauka na kona moja imeliwa na mende. Nilipokifungua kikaninukia sabuni, na mimi, mwanamke mzima mwenye mtoto chuo kikuu, moyo ukaanza kunidunda vilevile kama mchana ule wa ghalani.

Niseme ukweli mapema. Mimi ni mtu wa Tanga, lakini bahari naijua kwa kuitazama. Hata feri za hapa Sydney, ambazo watalii hupanda wakila aiskrimu, mimi hunitapisha. Ila nipe merikebu ya kwenye karatasi, nipe zama za vita vya Napoleoni, Waingereza na Wafaransa wakiwindana kwa manowari za matanga, mizinga ikinguruma na mlingoti ukianguka, nami nitaacha wali uungue huku nausikia unavyoungua. Ugonjwa huu niliupata mwaka wangu wa kwanza hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimepanga chumba cha nyuma kwa Mama Divine pale Bankstown, chumba chenye dirisha moja linalotazama kamba za kuanikia nguo, na ukuta wa mbao mwembamba kiasi kwamba maharage yakichemka jikoni nayasikia kitandani. Katika duka la mitumba karibu na stesheni nilikuta sanduku la vitabu vinne vya buluu, mfululizo wa hadithi moja. Nilivichukua ili ninyooshe Kiingereza. Kufika ukurasa wa kumi nilishasahau Kiingereza, nikawa nataka kujua tu kama merikebu ile italikwepa jabali.

Mimi na Mama Divine tulifanya kazi pamoja Wetherill Park, kwenye ghala la sabuni, tukifungasha maboksi ya shampoo tangu asubuhi. Chumba cha kulia kilikuwa na meza ndefu, maikrowevu tatu, na bango lililotuomba kwa adabu tusipashe samaki. Mama Divine alikuwa akipasha dagaa chini ya bango hilohilo, ameligeuzia mgongo. Siku moja Kevo, kijana wa Nairobi aliyekuwa akiendesha forklift, akaniuliza mbona macho yangu mekundu, kuna nini, ni mapenzi? Nikamwambia ni Nahodha Wexcombe. "Huyo msee ni nani?" akauliza. Nikaanza kumweleza, na kabla sijamaliza Mama Divine akasogeza kiti, na Warundi wenzake wa meza ya pili wakasogea nao. Kesho yake nilipofungua tu bakuli langu, Kevo akagonga meza, "Haya, story!" Nikamwambia kwetu hadithi haianzi hivyo, ina mlango wake. Nikawafundisha. Nikasema, "Paukwa!" na watu wa kutoka Bujumbura, Nairobi na Bukavu wakajibu kwa pamoja, "Pakawa!" Maikrowevu zikatetemeka.

Ah, mwaka ule! Kila jioni nasoma, kila mchana nasimulia. Maneno ya merikebu nilipata shida nayo, maana kitabu kina kamba mia na kila kamba ina jina, nami sikuwa na la kuwapa. Nikachota yale niliyoyasikia utotoni kwa watu wa jahazi. Mti unaobeba tanga nikauita foromali. Kwenda kinyume na upepo kwa kukata kushoto na kulia nikasema kubisha. Meli yenyewe, kwa Kiingereza Patience, nikaiita Saburi. Vita nilivipiganisha mezani. Bakuli langu la wali lilikuwa Saburi, kopo la dagaa la Mama Divine lilikuwa manowari ya Wafaransa, chumvi na pilipili ni ngome mbili za bandarini. "Sasa Saburi iko huku, upepo unatoka kwenye friji," nasema, na watu wazima wanageuka kuangalia friji. Kevo alitaka kujua Waafrika wako wapi kwenye story hii. Alikuwapo mmoja, mpishi, kitabu cha pili, ana sentensi moja tu. Nikamwongezea zangu. Kufikia kitabu cha tatu mpishi yule alikuwa anamshauri nahodha.

Lakini aliyependwa hakuwa nahodha wala mpishi wangu. Alikuwa Amosi, mkuu wa mizinga, mnene, mwimbaji, anayeupigapiga mzinga wake mgongoni na kuuambia pole baada ya kila vita. Alikuwa na kisu chenye mpini wa mfupa ambacho hakumwazima mtu. Biskuti zao zilikuwa na wadudu, na yeye aliwatoa mmoja mmoja, akawapa vijana biskuti safi, wadudu akabaki nao mwenyewe. Mama Divine hakukubali Amosi akosekane hata siku moja. Niliporuka sura moja ili tufike haraka kwenye vita, akaniinulia kijiko kama mtu anayesimamisha gari. "Aisha, na Amosi? Ile mwanaume leo amekula nini? Weye unasema tu mizinga, mizinga. Sema muntu amekula nini." Tangu siku hiyo nikawa nawaambia pia kila mtu kala nini, na nadhani ndipo nilipojifunza kusimulia.

Mwenye nyumba wangu mwenyewe nilikuwa simfahamu vizuri. Nilijua haendi kucheza kwenye arusi. Akialikwa hupika, hubeba sufuria, huiacha mlangoni na kurudi. Nilijua nyumba yake haijawahi kufanyiwa sherehe, hata ya kuzaliwa kwa Divine, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na alikuwa akiomba kila mwaka. "Why can't we just have a cake?" nilimsikia kupitia ukuta wa mbao. Mama yake akajibu, "Nyumba bado iko inangoja." Mimi nikadhani wanangoja pesa, au viza ya mtu.

Kitabu cha nne kilitumaliza. Dhoruba, mlingoti wa mbele umekatika na kuangukia majini, vijana wawili wamenaswa kwenye kamba. Amosi anateremka, anamrudisha wa kwanza. Wanamshika, wanamwambia basi, inatosha. Anarudi kwa wa pili. Anamsukuma juu ya ubao, wanamvuta, na wimbi linapita. Likishapita, Amosi hayupo. Nahodha hawezi kugeuza meli, Wafaransa wako nyuma. Saburi inaenda. Kitabu kimekwisha. Nilipofunga jalada, Mama Divine alisimama. "Rudisha," akasema. Nikamuuliza nini. "Rudisha meli! Mwambie ile nahodha arudi!" Akaanza kulia, si machozi ya hadithi, kilio cha msibani chenye kupanda na kushuka, na Warundi wenzake, wanaojua kwamba mtu haachwi alie peke yake, wakamshika na kulia naye. Msimamizi wetu, Mwaustralia mrefu mwenye uso uliochomwa na jua, akaingia mbio. "Who died?" Kevo, naye akiwa na machozi, akamjibu, "Amos, boss. Lost at sea." Yule bwana akavua kofia, akamwambia Mama Divine aende nyumbani, pole sana. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza.

Basi mambo yakaenda yenyewe. Jumamosi nilikuwa naanika nguo nikaona gari linaingia, kisha la pili, kisha la tatu. Akina mama wa kanisa, vitenge viunoni, maharage, mchele, makreti ya soda, na viti vya plastiki kama vya ukumbi mzima. Walisikia Consolata, ndilo jina la Mama Divine la kanisani, amepotewa na ndugu anayeitwa Amosi majini, wakaja kukaa ikiriyo, yaani matanga. Nilitamani ardhi inimeze! Nikakimbia kumtangulia mlangoni, nikaanza, "Jamani, samahanini, huyu Amosi..." Mama Divine akanishika bega, akanisogeza pembeni. "Waache," akasema. Akawakaribisha wote waketi chini ya kamba za nguo, akasimama mbele yao.

"Amosi iko wa kitabu," akawaambia. "Wangu anaitwa Libère." Akaeleza, taratibu, mikono ameikunja. Libère, kaka yake, aliwavusha ziwa yeye na Divine mchanga wakati wa kukimbia vita, akawateremsha upande wa Kigoma, akawaambia wamngoje, akarudi kumchukua mama yao. Hakuonekana tena. Hakuna aliyeona mtumbwi ukizama, hakuna aliyemwona amefika. "Miaka kumi nangoja. Mukisema amekufa, mimi sikuona. Mukisema ni muzima, mimi sikuona." Mmoja wa wale akina mama, mkubwa wao, akasema kwa upole, "Consolata, basi tukae leo kwa ajili yake. Tumlie, halafu siku moja uganduke, mtoto akate keki kama watoto wengine." Mama Divine akatikisa kichwa. "Oya, hapana. Nikimulia, mimi ndiyo nitakuwa nimemuua." Kisha akanigeukia, macho makavu. "Aisha, kuna kitabu cha tano?" Nikasema kipo, ila sinacho. "Tafuta. Amosi akiwa hai, mimi naendelea kungoja mpaka mwisho. Akiwa amekufa, nitaganduka." Mkubwa wao akataka kubisha, akaona uso wake, akaacha. Waliondoka na sufuria zao. Viti wakaviacha, vimepangwa juu kwa juu kando ya ukuta, nje ya dirisha langu.

Leo ningebonyeza simu na kitabu kingeletwa mlangoni. Siku zile hatukujua hivyo. Mwenye duka la mitumba alisema vitabu vile havichapishwi tena, na maktaba hawakuwa navyo. Kevo akasema, "Manze, tuna gari, tuna weekend, shida iko wapi?" Tukaanza. Parramatta, Liverpool, Penrith, kila duka lenye harufu ya vumbi na koti za marehemu. Divine alikaa kiti cha nyuma akiwa na kazi ya kutafuta rangi ya buluu kwenye rafu za chini. Tulipata kitabu cha sita, tukakigeuza kifudifudi haraka ili macho yasije yakaona jina lolote. Tulipata cha kwanza mara nne. Asubuhi nafungua pazia, viti vinanitazama. Ghalani hakuna aliyetaka hadithi nyingine, nilijaribu za sungura wakanizomea. Kila Jumatatu Mama Divine aliniuliza kwa kuinua nyusi tu, na mimi natikisa kichwa, naye anarudi kwenye maboksi yake. Nilimpenda, na nilikuwa naogopa. Nilijua riwaya zile. Mtu akizama, mara nyingi amezama.

Mwishowe ikabaki Manly, na Manly kwa feri. Nilitapika kwenda, Divine amenishikia mfuko huku akisema, "But Aunty, you're from the beach." Duka lilikuwa nyuma ya mahali pa kuuza samaki wa kukaanga, mwenyewe mzee aliyelala kwenye kiti. Kevo ndiye aliyekiona, rafu ya juu kabisa, akapiga ukelele uliomwamsha mzee wa watu. Namba tano! Tulirukaruka mle dukani mimi na Kevo na mtoto, tukaangusha meza ya ramani. Kwenye feri ya kurudi Kevo akaanza, "Fungua tu page ya mwisho. Nani atajua?" Nikakikalia. Nakwambia nilikalia kile kitabu mpaka tumefika mjini, nusu natamani kukifungua na nusu natamani kukitupa majini, kwa sababu ndani yake mlikuwa na sherehe za Divine zote au ungojaji wa mama yake wote, na mwandishi wa watu, popote alipo, hakujua.

Jumatatu chumba cha kulia kilijaa. Hata wenzetu wa Kivietinamu, ambao Kevo alikuwa akiwapa muhtasari kwa Kiingereza, walikuja na mabakuli yao. Mama Divine alikaa mbele, hakufungua chakula. "Paukwa!" nikasema. "Pakawa," wakajibu, polepole. Nikaanza kusoma, nikitafsiri papo hapo. Bahari imetulia. Mabaharia wanamkusanyikia nahodha chini ya mlingoti, maana ndiyo desturi yao, mtu akipotea majini vitu vyake hunadiwa kwa wenzake, kila mmoja anunue kimoja, na hapo jina lake linafutwa. Wananadi shati la Amosi. Wananadi bakuli lake. Wanaimba wimbo wake, vibaya, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na sauti. Kisu chenye mpini wa mfupa anakinunua nahodha mwenyewe. Mama Divine akajifunika kanga kichwani. "Basi," akasema, "amekufa."

Kengele ya kurudi kazini ikalia. Hakuna aliyeinuka. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini, akatazama saa, akasema, "Five more minutes." Nikasoma mbio, nameza maneno, naruka upepo, naruka chakula, samahani Mama Divine. Miezi imepita, Saburi iko bandarini inapakia maji. Mtu anapanda ngazi ya kamba ubavuni mwa meli. Amekonda, ndevu kifuani, mlinzi anamuuliza wewe nani. Nikaona mstari unaofuata, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka: "Akasema, 'Nani anacho kisu changu?'"

Sijawahi kusikia kelele kama ile, si kwenye mpira, si kwenye arusi. Kevo alipanda juu ya meza. Wavietinamu walikuwa wanakumbatiana na Warundi. Msimamizi alikuwa anauliza, "Is he alive? Is he alive?" huku kila mtu akimpiga mgongoni. Nami nilikuwa nalia na kucheka, mpaka nikamwona Mama Divine ametulia tuli, nikakumbuka. Amosi yu hai. Kwa kauli yake mwenyewe, basi, angoje mpaka mwisho. Viti virudi kanisani. Mmoja mmoja nao wakakumbuka, Kevo akashuka mezani. Mama Divine akafunua kanga. "Soma tena pale wanauza kisu." Nikasoma tena. "Donc, kumbe walimulia?" Nikasema ndiyo. "Wakaimba, wakamaliza?" Wakamaliza. "Na yeye akarudi?" Akarudi, Mama Divine. Alikaa akiifikiria ile, mdomo unatembea bila sauti. "Kumulia hakukumuua," akasema. Kisha akafungua kopo lake la dagaa na kula.

Jioni ile alivipangua viti mwenyewe, kimoja kimoja, akavifuta kwa kitambaa, akavipanga uani. Nikamsaidia. Nikaogopa kuuliza, nikauliza. Akanijibu bila kusimama: "Tutamulia, tutaganduka, tutakula. Akirudi, atakuta tumeshakula. Tutamupikia tena." Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyokaa matanga, kisha, ulipofika wakati wake, ikaganduka, na ikaona sherehe yake ya kwanza. Nyama, isombe ya majani ya mihogo, ndizi, keki ya Divine yenye krimu ya waridi, Mama Divine akicheza uani mikono juu kama ng'ombe wenye pembe ndefu, ndivyo wanavyocheza kwao. Dirishani mwa jiko aliweka sahani moja ya Libère iliyofunikwa kwa foili. Libère hakurudi mwaka ule, wala mwingine wowote. Sahani ilikuwepo kila sherehe, na mwisho wa siku alikula mwenyewe, baridi, akisema amechelewa huyu bwana.

Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini mwanamke kama mimi anashughulika na vita vya Wazungu vya zamani, visivyomhusu. Huwa nawajibu kwamba ni mizinga, napenda mizinga. Ni kweli pia. Jumamosi iliyopita, siku ya kuganduka msiba wa Mama Divine, niliingia ukumbini na kitabu mkobani. Kevo alikuwepo, kipara na tumbo, akanisimamisha mlangoni kuhakikisha nimekileta. Divine, ambaye sasa ni nesi katika hospitali ya Westmead na ana mtoto wake mgongoni, akaniita mbele. Nikasema, "Paukwa!" na ukumbi, wazee kwa vijana, ukaitikia hata taa zikaonekana kucheza. Nikasoma mnada wa kisu. Nikasoma mtu anayepanda ngazi ya kamba. Wakashangilia kama vile hawakujua. Nilipokaa ndipo nikaona dirishani sahani mbili zilizofunikwa kwa foili, na Divine akachukua kipaza sauti. Maisha yangu yote na mtoto huyu nimemsemesha Kiswahili naye akanijibu Kiingereza. Akatazama zile sahani, akatutazama sisi, akavuta pumzi.

"Mama akirudi," akasema, "atakuta sisi tumeshakula. Tutamupikia tena."